Rafu ya chupa za mvinyo kwa mbao za kenchi za zamani: mbona imejisokota baada ya kufika nayo Kigoma?

#1 NyumbaYaBabu
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya mafundi na hata wasio mafundi.

Mwezi wa tisa tulibomoa nyumba ya babu Tabora. Upande mmoja wa paa mchwa walikuwa wameshamaliza, lakini mbao za kenchi za upande wa pili zilikuwa nzima kabisa. Nyingi za 2 kwa 4, mbili za 2 kwa 6, na ukizipiga randa zinatoa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Jirani alizitaka akachomee matofali. Nilikataa, kwa sababu chini ya mbao zile ndipo nilipolala kila likizo nikiwa mtoto. Niling'oa misumari mwenyewe kwa siku mbili, nikatengeneza rafu ndogo ya chupa 12: nguzo 4, safu 3, chupa 4 kila safu. Mbele kuna ubao wenye vikato vidogo vya shingo, nyuma ubao wenye vikato vikubwa vya tumbo la chupa. Viungo vyote gundi na skrubu.

Tabora ilisimama vizuri, ukiisukuma haichezi. Mwezi wa kumi na moja nikahamia Kigoma kikazi, nikapanda nayo treni. Wiki ya tatu tu mguu mmoja ukaanza kuning'inia. Leo nimepima, uwazi ni milimita 9, na chupa ya juu kulia inateleza kuja mbele.

Nini kimeisokota? Mbao zina zaidi ya miaka 50, nilijua zilishamaliza kupinda zamani. Na je, niifungue au niiache?

#2 KijanaWaKibirizi
Mkuu, karibu mwisho wa reli. Kabla ya kulaumu mbao angalia sakafu. Vyumba vingi huku vimejengwa kwenye mteremko na fundi wa sakafu alikuwa na haraka.

#3 NyumbaYaBabu
Asante mkuu. Sakafu nilishaishuku. Nimeihamisha vyumba viwili, kisha nikaiweka juu ya meza ya kioo. Mguu unaoning'inia ni uleule.

#4 FundiWaCheyo
Mleta uzi, tatizo lako ni hewa. Mbao haimalizi kupinda hata ikiwa na miaka mia. Inanyonya na kutoa unyevu kila siku kulingana na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 30, mbao hutulia ikiwa na maji kama asilimia 6 ya uzito wake. Hewa ya asilimia 80 huifikisha mbao kwenye 16 hivi. Sasa fikiria: mbao zako zimekaa miaka chini ya bati la Tabora, mwezi wa tisa, hewa inapasua midomo. Ukazikata na kuziunga zikiwa hivyo, ukazileta ziwani mvua zikiwa zimeanza. Zimekunywa.

Ungezilaza chumbani kwako Kigoma wiki tatu nne kwanza, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite, ndipo uanze kukata.

#5 Mninga_Kavu
Namba 4 amesema vizuri kwa mbao za kawaida, lakini mleta uzi ameeleza kahawia inayoelekea wekundu, kenchi za nyumba ya zamani Tabora. Huo ni mninga, na mninga unasifika kwa kutocheza: ukinyonya au ukikauka hubadilika kidogo mno. Nina mlango wa mninga Urambo tangu 1988, masika na kiangazi unafunga vilevile.

Kwa hiyo mawili: ama rafu siyo ya mninga, ama kosa ni la uungaji. Ulipima kona kwa kona kabla ya kukaza skrubu?

#6 NyumbaYaBabu
Nilipima, mkuu. Mbele tofauti ilikuwa milimita 1, nyuma sifuri. Nikaikaza kwa kamba ya mpira wa baiskeli, nikaiacha usiku kucha.

#7 DadaMwandiga
Kona kwa kona inakuambia fremu ya mbele ni mraba na ya nyuma ni mraba. Haikuambii kama mbele na nyuma zinatazama upande mmoja. Fremu mbili zinaweza kuwa mraba safi kabisa na bado rafu ikawa imejisokota kama kitambaa kinachokamuliwa.

Mimi si fundi, mume wangu ndiye fundi, ila kibanda chetu kiko mlangoni na mimi ndiye ninayeshika upande wa pili wa kila kitu. Kabla ya gundi kukauka yeye huchukua vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja huweka juu ya fremu ya mbele, kingine juu ya ya nyuma, halafu anafumba jicho moja na kutazama kama juu za vijiti zinalingana. Fanya hivyo kwa kila ubao peke yake. Utampata mchawi.

#8 MzeeWaTupa
Vijana wangu, hamjambo.

Namba 5, mninga nimeukata tangu ujana wangu na ninakubali sifa zake. Lakini mleta mada hajatuambia mbao zilipasuliwaje. Mwanangu, ulipopiga randa mara ya kwanza, uliona mikwaruzo ya msumeno imenyooka au imepinda kama mwezi mwandamo?

#9 NyumbaYaBabu
Shikamoo mzee. Ilinyooka, ila haikuwa sambamba. Mingine imelala kidogo, mingine imesimama. Na unene wa ubao haukuwa sawa, mwanzo inchi 2, mwisho inchi 2 na robo.

#10 MzeeWaTupa
Marahaba. Basi hizo zilipasuliwa kwa mkono, gogo juu ya shimo, mtu mmoja juu na mwingine chini. Msumeno wa mashine ya duara huacha mikwaruzo iliyopinda. Watu wa zamani walipasua mti ungali mbichi, wakapandisha paani ungali na maji, ukakaukia hukohuko umefungwa kwa misumari.

Sasa sikiliza. Mti ambao nyuzi zake zinazunguka shina kama kamba, ukikauka unajisokota. Huo wako ulijisokota paani na hakuna aliyeona, nani atapima kenchi? Wewe ukaushusha, ukaupiga randa mpaka ukanyooka UKIWA MKAVU. Umefuta msokoto wake kwa randa. Ukinywa maji Kigoma unajifungua, yaani unarudi ulikotoka, na kwa kuwa ulishanyooshwa, kurudi kwake kunaonekana kama msokoto wa upande wa pili. Ukikauka tena mwezi wa saba utasogea karibu na ulivyouacha Tabora.

#11 FundiWaCheyo
Mzee, maelezo haya nimeyapenda. Lakini bado yanarudi kwenye hewa.

#12 MzeeWaTupa
Hewa ni kiberiti. Nyuzi za mti ndizo kuni.

#13 BehewaLaTatu
Mleta uzi, usijidanganye na miaka 50. Kama nyumba ni ya Tabora mjini karibu na stesheni inaweza kuwa ya enzi za Mjerumani. Reli ilifika Kigoma 1905, na mafundi waliojenga stesheni walijenga na nyumba za watu.

#14 KijanaWaKibirizi
Namba 13 rekebisha hapo. 1905 ndipo ujenzi wa reli ya kati ulipoanza Dar es Salaam. Tabora ilifika 1912 na Kigoma 1914. Sisi wa huku tarehe hiyo hatusahau.

#15 BehewaLaTatu
Sahihi mkuu, nimechanganya mwanzo na mwisho. Hata hivyo hoja ya umri inabaki. Mbao za reli ya wakati ule ni imara, na Kigoma nimeona watu wanauza mbao wakisema zimetoka kwenye meli ya MV Liemba.

#16 DadaMwandiga
Liemba ni chuma, kaka. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuletwa kwenye makreti mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ikaibuliwa 1924. Ndani kulikuwa na mbao za vyumba, sikatai, lakini anayekuuzia 2 kwa 6 ya Liemba anakuuzia hadithi.

#17 Kalinzi_Kahawa
Nauliza kando kidogo: mataruma ya zamani ya mbao, yale yanayolazwa chini ya reli, yanafaa kwa rafu kama hii? Ni mazito na hayaliwi na mchwa.

#18 FundiWaCheyo
Usiguse. Taruma la mbao haliliwi na mchwa kwa sababu limeloweshwa kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao. Ni sumu, ukilipiga randa vumbi lake linachoma ngozi na macho, na harufu yake haitoki ndani ya nyumba. Tena ni mali ya reli, ukikutwa nalo utaeleza ulikolitoa. Ukiwa na paleti za mizigo, soma muhuri: HT maana yake imepashwa moto, kiini kufika nyuzi joto 56 kwa dakika 30, hiyo tumia. MB ni gesi ya sumu, iache.

#19 MtotoWaUjiji
Assalaam aleykum. Mimi kilevi situmii, lakini ramani ya rafu hii nimeipenda na nimeshaitengeneza kwa mbao za mtumbwi mkuukuu. Juu naweka chupa za asali ya Sikonge, katikati siki, chini mawese. Rafu inatumika bila ubishi.

Nilivyofanya mimi: baada ya msasa niliipaka mawese yenyewe. Mbao ilishiba, haikupinda, na rangi yake ikawa kama machweo ya ziwani. Mleta uzi angeipaka mawese kabla ya kuunga, unyevu usingepita.

#20 Mninga_Kavu
Waaleykum salaam. Ndugu yangu, hapo sikubali. Mawese hayakauki. Kuna mafuta yanayokauka yakipata hewa yakawa gamba, kama ya mbegu za kitani, na kuna yasiyokauka kamwe. Mawese ni ya kundi la pili. Yatabaki yananata, vumbi litakaa, na baada ya muda yananuka. Kanda ya Tabora tuna nta ya nyuki. Iyeyushe na mafuta ya kitani, paka kwa kitambaa, futa. Hiyo ndiyo rangi.

#21 MtotoWaUjiji
Yangu ina mwaka wa tatu na hainati.

#22 DadaMwandiga
Mwaka wa tatu haijanata kwa sababu mama yako anaifuta kila Ijumaa. Nimefika kwenu, nimeona.

#23 MtotoWaUjiji
Dada, siri za nyumbani tena humu?

#24 BibiAsali
Habari zenu. Niulize: mleta uzi, ulipaka nini, na ulipaka wapi? Pande zote?

#25 NyumbaYaBabu
Habari dada. Nilipaka vanishi mikono miwili, nje yote na juu. Ndani na chini ya mbao, na ndani ya vikato, sikupaka. Niliona chupa itafunika.

#26 BibiAsali
Basi mimi naona jibu ni hilo, wakuu. Upande uliopakwa umefungwa, usiopakwa unakunywa. Upande mmoja unavimba na mwingine umebaki ulivyo, ubao lazima ukunjike. Mwaka jana nilitengenezewa kabati la duka hapa Tabora, fundi akapaka nje tu. Milango miwili ilikunjamana mpaka mkono unapita katikati ikiwa imefungwa. Tulipoishusha tukapaka na ndani, mmoja ulirudi kabisa, wa pili ulirudi nusu.

#27 FundiWaCheyo
Hoja nzuri, lakini kupaka upande mmoja hukunja ubao mpana kama gamba. Mleta uzi anazungumzia msokoto, na mbao zake ni nyembamba. Ni ugonjwa mwingine.

#28 BibiAsali
Na mlango wangu ule wa pili, uliorudi nusu? Kona ya juu bado imetoka nje. Huo si msokoto?

#29 Kalinzi_Kahawa
Mleta uzi hebu tuambie ulivyokata vile vikato. Nataka kutengeneza yangu, na naogopa kuvunja ubao.

#30 NyumbaYaBabu
Njia niliyotumia ni hii. Usikate nusu duara moja moja. Chukua ubao mpana, piga mstari katikati kwa urefu, weka alama kila sentimita 11, toboa mashimo kamili kwa drili yenye jino la duara, kisha pasua ubao kwenye ule mstari. Unapata mbao mbili zenye nusu duara zinazolingana. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina upana kama sentimita 7.5, mimi nilitoboa 8.5 kwa ya nyuma na 3.5 kwa ya shingo. Chupa za mvinyo wa povu zina tumbo la karibu 9, hizo hazikai kwangu.

Uzito nao uuangalie: chupa iliyojaa inakaribia kilo 1.3, kwa hiyo 12 ni kama kilo 16.

Na pitisha sumaku juu ya ubao kwanza. Nilidhani nimemaliza misumari. Jino la drili likakuta mmoja uliovunjikia ndani, cheche zikatoka, jino likaisha. Palipokuwa na msumari mbao imekuwa nyeusi kama wino, urefu wa kidole, na weusi umefuata nyuzi.

#31 MzeeWaTupa
Weusi ni kutu ikikutana na maji ya mti, haina neno. Ila umesema weusi umefuata nyuzi. Umenyooka au umekwenda mshazari?

#32 NyumbaYaBabu
Mzee, nimekwenda kuangalia na tochi. Kwenye ubao wa nyuma wa safu ya kati weusi umekwenda mshazari. Umeanzia katikati, ukatokea pembeni. Mbao nyingine umenyooka.

#33 Mninga_Kavu
Hapo sasa! Huo ubao mmoja siyo mninga. Zamani fundi akiishiwa mbao alimalizia kwa alichopata porini, na mti uitwao mtundu ulikuwa karibu na kila mtu. Nyuzi za mtundu hupishana na hujisokota, ndiyo maana sisi tunautumia zaidi kwa magome ya mizinga na kuni. Umeweka mtundu katikati ya mninga, ukaufunga kwa gundi na skrubu, ukaburuta wenzake wote.

#34 KijanaWaKibirizi
Nauliza kuhusu mvinyo wenyewe. Chupa ni za Dodoma? Kwa nini mzilaze? Kwangu nazisimamisha kwenye friji.

#35 BibiAsali
Za kizibo cha gome unalaza ili mvinyo uguse kizibo kisikauke, maana kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia na mvinyo unageuka siki. Za kifuniko cha kuzungusha hazihitaji, simamisha tu. Kwa joto la Kigoma rafu isikae dirishani wala karibu na jiko. Mvinyo unapenda nyuzi joto 12 hadi 15, na huku hupati bila mashine, basi angalau giza na ukuta usiopigwa jua.

#36 BehewaLaTatu
Mleta uzi, kwenye treni uliiweka wapi? Mimi nilisafirisha meza, ikawekewa mizigo juu kuanzia Malagarasi, ikafika imepinda mguu. Inawezekana msokoto ulianzia behewani na mnawasingizia mninga na mtundu.

#37 NyumbaYaBabu
Ilikuwa juu ya mizigo yangu, hakuna kitu juu yake. Ila ni kweli ilifungwa kamba kona mbili usiku mzima, na kamba ilikuwa imekatiza mshazari.

#38 DadaMwandiga
Vijiti viwili, kaka yangu. Mbona hatupati jibu la vijiti?

#39 NyumbaYaBabu
Dada umenishinda. Leo Jumapili nimefanya. Nimetoa chupa zote, nimetumia rula mbili za chuma. Fremu ya mbele na ya nyuma hazilingani, kama ulivyosema. Mbao tano kati ya sita ziko sawa au karibu sawa. Ya sita, ileile yenye weusi wa mshazari, imejisokota.

Nikaamua kuifungua hiyo moja. Skrubu tatu za kwanza zilitoka kimya. Ya nne, kabla haijamaliza kutoka, gundi ilipasuka kwa mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa, ubao ukaruka wenyewe kwenye tundu lake na rafu nzima ikashuka mguu wake chini. Uwazi ulikuwa sifuri. Nilibaki nimeshika bisbisi.

Leo jioni nimepima tena: milimita 3.

#40 FundiWaCheyo
Milimita 3 zimerudi na ubao haupo. Basi haukuwa ubao ule peke yake. Mbao zote zinakunywa. Subiri.

#41 BibiAsali
Au ni upande usiopakwa. Maliza kupaka ndani na chini kabla hujarudisha chochote.

#42 BehewaLaTatu
Au nguzo zilikwishazoea msokoto tangu ile kamba.

#43 MzeeWaTupa
Mwanangu, usirudishe ubao huo kwa nguvu, wala usiutupe, ni wa babu yako. Uweke juu ya kabati mpaka mwezi wa saba, upime kila mwezi kwa vijiti, uandike. Kiangazi ukirudi wenyewe, utaungana na wenzake bila gundi, skrubu moja kila upande, tundu la skrubu liwe pana kidogo ubao upate kupumua. Usiporudi, kata mwingine.

#44 NyumbaYaBabu
Nitafanya hivyo mzee, asante sana. Nimeshaandika ya leo kwa penseli kwenye ubao wenyewe: milimita 11 kwa urefu wa sentimita 46.

#45 Mninga_Kavu
Kabla hujaupandisha kabatini kata kipande kidogo cha kichwa chake, kipige msasa, weka picha. Nataka kuona huo mtundu.

#46 NyumbaYaBabu
Picha hiyo. Nimelowesha kidogo ili ionekane. Ukiunusa una harufu nzuri, kama mbao nyingine zote za pale.

#47 Mninga_Kavu
Mh. Kama una harufu nzuri... Rangi ya katikati ni ya mninga.

#48 FundiWaCheyo
Huo siyo mninga, mkuu. Angalia vitundu vyake.

#49 MzeeWaTupa
Ni mninga, wa karibu na mzizi. Huko nyuzi huzunguka hata kwa mninga.

#50 FundiWaCheyo
Mzee, kwa heshima zote, nakuja na kipande changu kesho mchana tulinganishe picha.